Niliyoyafuta kwa Mama Mkwe

Bisibisi zangu nimeshazigawa. Ile ndefu yenye mpini mwekundu imeenda kwa Nyabuto, anayetengeneza simu kwenye ngazi ya pili, na ninajua hatafika nayo Krismasi kabla haijapotea. Brashi ya kutolea vumbi nimebaki nayo kwa sababu mke wangu anaitumia kupaka chapati mafuta. Meza yenyewe aliichukua mshona viatu. Mkono wangu wa kulia unatetemeka, na fundi wa kompyuta mwenye kutetemeka ni sawa na kinyozi mwenye kutetemeka: mteja anaangalia mkono, halafu anakumbuka alikuwa na shughuli mahali pengine.

Nyinyi mafundi mnaobaki pale juu mliniomba niandike nilichojifunza. Nafikiri mlitaka ujanja. Ujanja mnao kwenye simu zenu, na mwingi ni mzuri kuliko wangu. Mimi niliishia darasa la saba, na hata hilo la saba nililimaliza kwa sababu mwalimu alichoka kunifukuza. Nitaandika vile nilivyoona, na mahali mtu alikosea nitamtaja jina. Wa mwisho kutajwa ni mimi. Huyo ndiye amenifanya nitafute kalamu.

Nilianza kazi kwa Mhindi mmoja pale Kisii mjini, aliyekuwa na duka la kutengeneza taipureta na redio. Jina lake lilikuwa refu, tulimwita Kanti. Alizaliwa hapa hapa, na Ekegusii chake kilikuwa safi, hasa akitukana. Siku ya kwanza aliniambia nionyeshe mikono, akaigeuza mbele na nyuma kama mama anayenunua viazi. Akanipa mswaki mzee na taipureta ya ofisi ya wakili, niisugue meno.

Ile taipureta ilikuja na barua ndani, imeandikwa nusu, bado imezungushwa kwenye rola. Nikainama nisome. Rula ya Kanti ikatua juu ya vidole vyangu.

"Zablon, wewe ni nani kwa huyu wakili?"

"Mimi si mtu kwake."

"Sasa macho yako inatafuta nini kwa barua yake?"

Akaizungusha rola polepole, akaivuta ile karatasi na kuilaza kifudifudi, hata yeye mwenyewe hakuiangalia. Akaitia kwenye bahasha ya kaki, akaandika jina la mwenyewe, akaifungia droo. "Inatoka kifudifudi, inakaa kifudifudi, inarudi kifudifudi," akasema. "Mteja akija, unampa bahasha kwanza, halafu mashine." Na kabla hajagusa mashine yoyote alikuwa anauliza ndani kuna nini. Alimwuliza mwenyewe, hata kama ilibidi atume mtu mpaka Keroka. Aliyeleta hakumwuliza. Alisema aliyeleta anajua uzito tu.

Nilikaa kwake miaka mingi. Kompyuta zilipoanza kuingia mjini alinunua moja iliyokufa, tukaifungua mimi na yeye, tukaichungulia kama watu waliofungua kisima. Aliiangalia kwa muda, akasema, "Hii ni taipureta iliyomeza karatasi yake." Halafu akanigeukia. "Bahasha utaiweka wapi sasa?" Nikacheka. Nilidhani mzee anatania. Alipofunga duka kwenda kukaa na binti yake, aliniachia bisibisi ile nyekundu na furushi la bahasha za kaki ambazo hazijatumika. Bisibisi niliitumia.

Kutoka hapo nikaenda Ogembo kwa mtu anaitwa Bosire. Huyu namtaja na simwogopi. Bosire alikuwa na duka la kompyuta lenye rangi nzuri nje, na ndani alikuwa na dawa moja tu: fomati. Kompyuta imekuwa nzito? Fomati. Ina virusi? Fomati. Haitoi sauti? Fomati, halafu baada ya saa tatu tunagundua spika haikuchomekwa. Kufomati ni kufuta kila kitu na kuweka programu upya, na kwa mtu asiyetaka kufikiri ni kazi tamu, kwa sababu huhitaji kujua ugonjwa. Unamchinja mgonjwa, unaleta mwingine anayefanana naye.

Bosire hakuwa anauliza mteja chochote. Mwalimu anakuja kuchukua mashine, anaiwasha, anatafuta mitihani yake, haiko. Mchungaji anatafuta mahubiri ya mwaka mzima, hayako. Basi Bosire alikuwa na maneno mawili, na alitufundisha tuyaseme bila kupepesa macho: "Ilikuja hivyo." Mteja atajuaje? Hakuwa ndani ya sanduku. Nimeona mwanamke mzima akiomba msamaha kwa Bosire, eti alisumbua fundi na kompyuta iliyokuja ikiwa tupu.

Siku moja alinipa kioo cha kompyuta cha zamani, vile vyenye mgongo mnene, akaniambia nifungue. Nikamwambia kimetoka kwa stima sasa hivi, vioo hivi vinabaki na stima ndani hata vikizimwa, tungoje. "Fungua, mteja amesimama," akasema. Nilifungua. Kitu nilichokumbuka baadaye ni mama wa ndizi akinipepea na kanga yake, na mimi niko upande wa pili wa chumba, chini ya rafu. Mkono wa kulia ulikuwa kama si wangu. Na kabla sijajua niko hai au vipi, nikasikia sauti ya Bosire pale mbele akimwambia mteja kuhusu kile kioo: "Ilikuja hivyo."

Mwenzangu Onchari alipigwa na kioo kama hicho miezi michache baadaye, kwenye meza hiyo hiyo. Yeye hakuamka. Bosire alileta kreti mbili za soda matangani na akapewa nafasi ya kuongea. Mimi niliondoka wiki hiyo na huu mkono ninaotetemeka nao mpaka leo, nikaja Kisii kuweka meza yangu, nikidhani nimemwacha Bosire Ogembo. Sikumwacha. Nilikuja naye mdomoni.

Sasa nifike kwa kompyuta ya mama mkwe.

Mama mkwe wangu ni Mwalimu Yunuke. Alifundisha shule ya msingi miaka yote, akastaafu, anakaa kwake Ekerenyo upande wa Nyamira, na kanisani ni shemasi. Ana kuku, ana ng'ombe wawili, na alikuwa na kompyuta ya mezani aliyonunua mwenyewe kwa pesa za kustaafu. Watu walimshangaa. Mama wa umri ule na kompyuta, na haiko sebuleni pa kuonwa na wageni, iko chumbani kwake karibu na kitanda, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Akiulizwa anafanyia nini, anasema, "Naandika mambo yangu."

Kwa ambao si wa kwetu, lazima nieleze kidogo. Sisi tuna kitu tunakiita ensoni. Mtu na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Simpi mkono. Siketi kiti kimoja naye. Chumba chake siwezi kukanyaga hata nyumba ikiwaka moto, nitamwita mtu mwingine. Neno lolote la mwili wa mtu, hata la mzaha, halipiti kati yetu. Nikiwa na jambo naye, nalipitisha kwa Kerubo mke wangu, ama kwa Momanyi, ndugu yake Kerubo. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na silaumu mila. Nataka tu mjue jinsi nilivyojificha nyuma yake.

Ile kompyuta ikawa nzito. Ilikuwa inachukua muda wa kupika ugali ndiyo iwake. Mama akampigia Kerubo simu: mwambie mume wako airudishe iwe kama ilivyotoka dukani. Momanyi akaileta. Momanyi kazi yake ni kubeba maziwa ya watu kwa pikipiki, na ni mtu mwangalifu kuliko anavyofanana. Alikuwa ameizungushia blanketi, akaifunga na mipira minne ya kufungia mizigo, akaendesha kutoka Ekerenyo mpaka Kisii mwendo wa mtu aliyebeba mgonjwa.

"Shemeji, mgonjwa ndiye huyu," akasema. "Mama amesema iwe kama mpya."

"Ndani kuna kitu cha maana?"

"Mimi nitajulia wapi? Hata kuiwasha siruhusiwi. Niliwahi kugusa hiyo kibodi nikafukuzwa kama kuku."

Na hapo niliridhika. Mmeona? Nilimwuliza aliyebeba.

Niliiwasha. Pale mbele kwenye kioo kulikuwa na folda moja tu, imeitwa MAMBO YA JIKONI. Ningeinakili ilivyo kwenye flashi, bila kuifungua, kazi ya dakika moja. Lakini nilibofya. Vidole vyangu vilishasahau rula ya Kanti. Ndani kulikuwa na mafaili mengi sana, nikafungua la kwanza, nikasoma mistari minne.

Sitaiandika hapa. Zilikuwa nyimbo za wanawake, za Ekegusii cha zamani. Mistari hiyo minne ilikuwa inamzungumzia bwana arusi, na haikuwa inazungumzia suti yake.

Masikio yangu yalishika moto. Nilifunga faili kama mtu aliyefungua mlango akakuta mtu anaoga. Nikaangalia nyuma. Nyabuto alikuwa anakuja upande wangu kuazima bisibisi. Nikawaza mambo mengi kwa haraka na yote ya kijinga. Nikihifadhi, nitalazimika kumwambia nimehifadhi, naye atajua nimeona. Nikiacha, mtu mwingine ataona kwenye meza yangu. Nikimpigia simu nimwulize, nitamwulizaje? Shemasi wa kanisa, mama wa mke wangu, nimwulize zile nyimbo niziweke wapi?

Mashine yenyewe ilikuwa na heshima kuliko mimi. Ukiiambia ijirudishe kama ilivyotoka kiwandani, inakuuliza kwanza: nihifadhi mafaili yako, ama niondoe kila kitu? Halafu inakuuliza tena kama una hakika. Mara mbili iliniuliza. Nikabofya ondoa kila kitu, nikabofya ndiyo, nikaenda kunywa chai. Nilijiambia kwamba mwenye mashine alisema iwe kama mpya. Nimetii.

Ikarudi Ekerenyo, nyepesi, safi, inawaka kabla hujakaa.

Siku ya tatu Kerubo alikuja mezani kwangu mwenyewe, hakupiga simu. Alikuwa na uso wa mtu aliyetoka msibani.

"Baba Nyanchama, karatasi za mama ziko wapi?"

"Karatasi gani?"

"Za kompyuta. Amewasha haoni kitu. Alikuwa na nyimbo humo. Nyimbo za bibi yake, zile walikuwa wanaimba wakisaga wimbi, na za arusi, zile wanawake wanaimba wanaume wakiwa mbali. Miaka tisa, Baba Nyanchama. Kwa kidole kimoja. Anasema wale aliokuwa anawauliza maneno wamekufa wote." Akapunguza sauti. "Hata mimi sikujua. Ati mama! Shemasi!"

"Si alisema iwe kama mpya?"

"Anasema alijua utaisafisha. Anasema cherehani ikisafishwa, nguo iliyokuwa inashonwa haipotei."

Sasa nisikilizeni vizuri, mafundi, kwa sababu hapa ndipo dhambi ilipo. Sikuwa nimeifuta kwa ile njia ndefu ya kusugua diski yote. Nilitumia ile ya haraka. Na ile ya haraka, mnajua, haitoi vitu, inatoa majina tu kwenye mlango. Vitu vinabaki ndani mpaka vitu vipya vije vikalie mahali pao. Siku ya tatu, zile nyimbo zilikuwa bado ziko, karibu zote. Nilitakiwa kusema maneno machache: izimeni, msiiguse, mniletee. Kuna mtu Kisumu angezitoa kwa siku mbili. Lakini kusema hivyo ni kusema mimi ndiye nilifuta. Na kuzitoa ni mtu kuja kusema, Zablon, nimepata hizi, na zimeandikwa hivi.

Nikamwangalia mke wangu machoni.

"Ilikuja hivyo," nikasema. "Diski iliumia njiani. Momanyi aliifunga vibaya."

Sikupepesa. Bosire angenipa soda.

"Kwa hiyo hakuna la kufanya?"

"Hakuna. Mwambie aendelee kuitumia tu."

Na aliendelea kuitumia. Kerubo alimwekea video za kwaya, ili apoe moyo. Kila video iliyoingia ilikalia wimbo. Nilijua hivyo nikiwa nimeketi nyumbani nikimwona akizihamisha kwenye flashi, moja moja, na nikamsaidia kutafuta nyingine.

Mama hakumfokea Momanyi. Ingekuwa afadhali amfokee. Aliacha tu kumpa vitu vya kubeba. Maziwa ya mama yake mzazi yakaanza kubebwa na kijana wa jirani. Mayai, ambayo kila mwezi alikuwa anatutumia trei moja kwa pikipiki ya Momanyi, yakaanza kuja na watu wa kanisa. Watu wengine wakaiga. Kukiwa na sherehe, sahani zikibebwa, mtu anasema, "Momanyi, wewe chukua sufuria, hizo ni za kuvunjika," na watu wanacheka, na Momanyi anachukua sufuria. Mara ya kwanza alijitetea: aliifunga vizuri, blanketi, mipira minne. Mara ya pili akajitetea kidogo. Baadaye akawa anacheka nao. Mimi nilikuwa nakula kwenye sherehe hizo. Nilikuwa napewa kiti.

Wateja wawili wakubwa walimwacha, walisikia kwamba hata mama yake hamwamini na maziwa. Miaka sita ilipita hivyo, na kila mara nilipomwona akipita na mitungi michache ya kubahatisha, nilijikuta nina kazi ya haraka chini ya meza.

Mwezi uliopita, nikitoa vitu kwenye droo ili mshona viatu achukue meza, nikakuta furushi la bahasha za Kanti. Za kaki, zimefungwa na kamba ile ile aliyoifunga yeye. Kwa miaka yote ya kazi yangu sikuwa nimetumia hata moja. Nilikaa chini pale sakafuni. Nyabuto akaniuliza kama ni presha. Nikamwambia ndiyo.

Momanyi huja Marani siku ya soko, na Marani ndiko kwangu. Nilimkuta amepumzika juu ya pikipiki, anakula ndizi. Nikamwambia yote, tangu folda mpaka video za kwaya. Niliyasema kwa haraka nisije nikasimama katikati. Alitafuna mpaka akamaliza.

"Kwa hiyo diski haikuumia."

"Haikuumia."

"Lile blanketi lilikuwa la kitanda changu, shemeji. Lilishika oili, nikalala bila blanketi, na ilikuwa Julai."

"Pole."

"Unajua watoto wangu wananiita nani? Baba Mayai. Mdogo anafikiri ndilo jina langu." Alicheka, halafu kicheko kikamwisha usoni polepole. "Miaka sita wewe unaketi unaniangalia nikibeba sufuria."

Nikaangalia ganda la ndizi mkononi mwake.

"Utamwambia mama," akasema.

"Unajua siwezi kusimama mbele yake niseme mambo kama hayo. Nitamtuma Kerubo."

"Hapana. Kerubo hapana." Alitupa ganda, akafuta mikono kwa suruali. "Utakuja Ekerenyo, utasimama nje. Mama atakuwa ndani. Mimi nitasimama mlangoni katikati. Wewe utasema kwangu, mimi nitamwambia yeye. Hayo maneno nataka yatoke kwa mdomo wangu."

Jumapili tulienda. Nilisimama karibu na tangi la maji, mgongo kwa ukuta. Mama alikuwa ndani kwenye kiti chake, simwoni, naona tu mguu mmoja na kiatu cha mpira. Kerubo alikuwa naye. Momanyi alisimama kwenye mlango, mkono mmoja juu kwenye fremu, amevaa shati la arusi.

"Sema, shemeji."

"Mwambie mama kompyuta haikuharibika njiani."

"Mama, mkwe wako anasema kompyuta haikuharibika njiani."

"Nimesikia, mimi si kiziwi," sauti ikasema ndani. Halafu, baada ya kidogo: "Rudia."

"Haikuharibika njiani, mama! Niliifunga vizuri!"

"Hilo la kufunga amelisema yeye?"

"Nimelisema mimi," nikasema kwa sauti, nikasahau utaratibu. Nikashusha sauti. "Mwambie aliifunga vizuri. Mwambie ni mimi niliyefuta. Nilifuta kwa mkono wangu, na siku ya tatu bado zingeweza kupatikana, nikanyamaza, nikakusingizia wewe."

Momanyi alirudia yote, neno kwa neno, kama mtoto anayesoma fungu la Sabato mbele ya kanisa. Hakuruka hata moja. Kile kiatu cha mpira hakikusogea.

"Mwulize," mama akasema, "alisoma?"

Momanyi akanigeukia. Nikaangalia tangi.

"Mistari minne."

"Anasema mistari minne, mama."

"Ya wimbo gani?"

"Anasema..." Momanyi alinitazama, nikatikisa kichwa. "Anasema hawezi kusema."

Nikasikia Kerubo akiziba kicheko kwa mkono, na mama akasema, kana kwamba anahesabu kuku, "Basi ni ule wa bwana arusi."

Nilitamani tangi lipasuke linizoe.

"Mwambie hivi," mama akaendelea, na sasa sauti ilikuwa ya mwalimu. "Kama angeniuliza, ndani kuna nini, ningemwambia ni mapishi. Ndiyo maana niliandika jikoni. Yeye angehifadhi mapishi, mimi ningepokea mapishi, na hakuna mtu angeona haya. Heshima ilikuwa na mlango wake. Yeye akaruka ukuta."

Momanyi alirudia. Haikuhitajika, nilisikia kila neno, lakini alirudia.

"Mwulize mama kama kuna anazokumbuka," nikasema. "Kerubo anaweza kumwandikia. Nitaleta diski ya akiba, nitamwonyesha Kerubo jinsi ya kunakili, sitakaribia."

Momanyi akamwuliza.

"Mwambie ninakumbuka vipande. Mwanzo wa huu, mwisho wa ule. Vya katikati walikuwa navyo wengine. Kerubo ataandika hivyo vilivyobaki. Na mwambie viko kichwani mwangu, na kichwa changu hakitapelekwa mezani kwake."

Hakusema amenisamehe, na sikutuma mtu aulize. Momanyi alitoka mlangoni, akapita kando yangu bila kuniangalia, akaenda nyuma ya nyumba. Nikasikia akinawa uso.

Kwa hiyo hilo ndilo nililonalo la kuwaachia. Mkiletewa mashine na mtu anataka irudi kama ilivyotoka kiwandani, mtafuteni mwenyewe kwa simu. Mwulizeni ndani kuna nini, na jibu lolote atakalotoa, hata kama ni mapishi, liaminini na mnakili kila kitu kilivyo, bila kufungua. Wekeni kwenye flashi, flashi kwenye bahasha, bahasha iandikwe jina. Zile bahasha za Kanti nimempa Nyabuto. Mwulizeni. Na mkishakosea, zimeni mashine na mseme siku hiyo hiyo, kwa sababu kitu kilichofutwa kinaweza kungoja siku chache, lakini kila siku unayonyamaza unakikalia mwenyewe.

Bosire bado yuko hai, anakaa Ogembo, ana duka kubwa zaidi. Nilikuwa nimepanga nimalize na yeye, nimweleze vizuri. Lakini siku ile mezani, Bosire hakuwepo. Alikuwepo Zablon.

Wiki iliyopita nilisikia pikipiki ikiingia kwangu taratibu, ile taratibu ya mtu aliyebeba mgonjwa. Alikuwa Momanyi. Nyuma kulikuwa na trei ya mayai, imezungushiwa blanketi, mipira minne. Alifungua mpira mmoja baada ya mwingine, akaibeba kwa mikono miwili mpaka mlangoni, na pale kwenye ngazi yetu, ambayo nimesema miaka nenda miaka rudi nitaitengeneza, akajikwaa. Hakuanguka. Alisimama, akachungulia ndani ya trei, akaniita nikaribie.

Yai moja lilikuwa limepasuka, ute unashuka kwenye karatasi ya trei.

"Hili nimevunja mimi, shemeji, hapa hapa kwako," akasema, akiniwekea trei mikononi, huu unaotetemeka na ule mwingine. "Mama akiuliza, usimwambie lilikuja hivyo."